Printa ya waifai nyumbani: kuiunganisha, na kuitafuta inapojifanya haipo

Nianze na hili maana ndo linalowachanganya wengi: printa ya waifai haili bando. Watu wanadhani kwa kuwa imeandikwa waifai basi lazima uwe na intaneti ndo iprinti, kwaiyo bando likikata wanabeba flashi wanakimbilia steshenari wakati printa ipo sebuleni inawaka taa. Si hivyo. Kinachotakiwa ni rauta iwe imewashwa tu, kazi inatoka kwenye laptopu inaenda kwenye rauta afu rauta inaipeleka kwenye printa, safari yote inaishia humohumo ndani ya nyumba. Intaneti utaihitaji siku ya kwanza ya kupakua programu na draiva (ile programu ndogo inayoifanya kompyuta iielewe printa), na baadaye kwa mambo ya ziada kama kuprinti ukiwa mbali na nyumbani. Ila kuna zile HP zinazouzwa kwa mpango wa HP+, hizo kampuni yenyewe imesema wazi kwamba zinataka kuwa kwenye intaneti muda wote na zinataka wino wa HP wenyewe, kwaiyo kama intaneti yako ni ya kuungaunga soma boksi vizuri kabla hujatoa hela.

Ukishalielewa hilo utaona shida nyingi sana za printa hizi zinarudi kwenye maswali mawili tu. Je, printa na kifaa unachoprintia vipo kwenye mtandao mmoja? Na je, kompyuta inajua printa inakaa anwani gani leo? Printa yenyewe mara nyingi ni nzima kabisa, haina tatizo, ni kwamba inatafutwa mahali ambapo haipo. Hapo ndo nitakaa sana.

Kwenye kununua sitachelewa ila kuna mtego mmoja. Hizi kampuni zinatoa modeli mbili zenye sura ileile, moja ina waifai nyingine haina. Epson L3210 haina, ni USB tu, L3250 ndo inayo. Canon G2020 haina, G3020 inayo. HP DeskJet 2320 haina, 2720 inayo. Muuzaji akikwambia "zote zilezile tu boss" we tafuta alama ya waifai kwenye boksi na kwenye printa yenyewe, kitufe au taa yenye yale mawimbi. Kama tayari umeshanunua isiyo na waifai usiitupe, unaweza kuichomeka kwenye kompyuta moja na kuishea kwa wengine, lakini mi siupendi huo mtindo maana kompyuta ikizimwa nyumba nzima haiprinti.

Anza na rauta, sio printa

Watu wanafungua boksi na kurukia printa moja kwa moja, wanahangaika lisaa lizima, kumbe tatizo lipo kwenye rauta. Rauta nyingi za sasa zinarusha masafa mawili, 2.4 GHz na 5 GHz, na printa nyingi za bei ya kawaida zinasikia 2.4 peke yake, L3250 ikiwemo. Kwaiyo kama rauta yako inaonyesha majina mawili, tuseme NYUMBANI na NYUMBANI_5G, printa ipeleke kwenye lile lisilo na 5G. Hiyo 5G ya hapo ni gigahezi tano, haihusiani kabisa na 5G ya laini ya simu. Laptopu na simu zinaweza kubaki kwenye 5 bila shida, maana majina ni mawili lakini mtandao ni mmoja, rauta inaviunganisha kwa ndani.

Kama rauta inaonyesha jina moja tu linalobeba masafa yote, printa kwa kawaida itajichukulia 2.4 yenyewe, ila wakati wa kuseti kuna apu zinachanganyikiwa simu ikiwa kwenye 5. Dawa yake ni kuingia kwenye rauta ukazima 5 kwa muda, ukaseti, ukaiwasha tena.

Kuingia kwenye rauta ni kufungua brauza na kuandika namba iliyo kwenye stika chini au nyuma ya rauta. Mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, zile rauta za laini za Huawei ni 192.168.8.1 na viboksi vyao vya faiba ni 192.168.100.1. Jina na pasiwedi ya kuingilia vipo kwenye stika hiyohiyo, na kama fundi aliyekufungia alibadilisha mpigie akupe, usione aibu, utazihitaji tena huko mbele.

Ukiwa humo angalia vitu vichache. Usalama wa waifai uwe WPA2, au ule mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, maana ukiweka WPA3 peke yake printa ya zamani kidogo haitaingia hata uipe pasiwedi mara mia, na ubaya wake inaweza kukuambia pasiwedi ndo mbaya wakati ni sahihi. Chaneli ya 2.4 iwe 1, 6 au 11, kuna vifaa havioni 12 na 13. Jina la waifai lisiwe limefichwa. Na kama pasiwedi yako imejaa alama na nafasi katikati, ifikirie mara mbili, kwa sababu kwenye printa yenye kiskrini kidogo utaiandika kwa mshale herufi moja moja, ukikosea ya mwisho unaanza upya.

Siku ya kuseti

Toa tepu zote za usafirishaji (zipo hadi ndani, fungua mfuniko uangalie), weka wino au katriji, washa, afu uiache imalize kunguruma. Hizi za matenki mara ya kwanza zinavuta wino kwenye mirija na hilo zoezi linachukua dakika kadhaa, usiizime katikati. Iweke karibu na rauta kwa siku hiyo, utaihamisha baadaye.

Njia rahisi kwa wengi ni apu ya simu. Epson wana Epson Smart Panel, Canon wana Canon PRINT, Brother wana Brother Mobile Connect, HP wana ya kwao ambayo wengi wanaijua kama HP Smart. Hakikisha ni ya kampuni yenyewe, maana ukitafuta neno printa huko dukani zinakuja apu za kila aina zenye matangazo na zinazotaka ulipie kila wiki, achana nazo. Simu iwe kwenye waifai ileile unayotaka printa iingie, washa Bluetooth, washa lokesheni, na apu ikiomba ruhusa mpe. Kwenye Android bila lokesheni apu haiwezi kuskani waifai za jirani, kwaiyo haitaiona printa, na haitakwambia ni kwa nini.

Sasa hapa kuna kitu kinachowashinda watu wengi na hakiandikwi kwenye kikaratasi cha boksini. Wakati wa kuseti, printa inarusha waifai yake ndogo ya muda, jina lake huwa linaanza na DIRECT au lina jina la kampuni ndani yake. Apu inaitoa simu yako kwenye waifai ya nyumbani, inaipeleka kwenye hiyo ya printa ili iikabidhi jina na pasiwedi ya rauta, afu inairudisha. Simu ikifika kwenye waifai ya printa inagundua haina intaneti, na simu nyingi za Android zikiona hivyo zinahamia kimyakimya kwenye data ya laini au zinarudi kwenye waifai ya nyumbani. Wewe unaona kiduara kinazunguka tu, mwishoni inakwambia imeshindwa. Kwaiyo kabla hujaanza zima data ya simu kabisa, na ukiona ujumbe kwamba mtandao huu hauna intaneti, unataka kubaki? bonyeza ndio, usiupuuze. Ukiwa na VPN kwenye simu, nayo izime.

HP nyingi zinakaa kwenye hali ya kusetiwa kwa saa mbili tu tangu uziwashe. Ukienda kula ukarudi usiku utakuta haionekani tena, hapo unarudisha setingi za waifai kwa kushikilia kitufe cha waifai sekunde kadhaa (kwenye nyingine kipo nyuma) mpaka taa ianze kupepesa, afu unaanza tena.

Hutaki apu? Ipo njia ya WPS. Kama rauta yako ina kitufe kimeandikwa WPS, unakibonyeza, afu ndani ya dakika mbili unaenda kwenye printa unashikilia kitufe cha waifai mpaka taa zianze kuwaka kwa kupokezana, vinaongea vyenyewe bila pasiwedi. Taa ikitulia basi imeingia. Haifanyi kazi kama waifai ni WPA3 peke yake au jina limefichwa. Mi baada ya kumaliza huwa nazima WPS kwenye rauta, maana ni mlango ambao sioni sababu ya kuuacha wazi.

Na kama printa ina skrini, ndo rahisi kuliko zote, unaingia kwenye setingi za mtandao, unachagua jina, unaandika pasiwedi, basi.

Printi karatasi ya mtandao

Hapa wengi wanaruka na ndipo penye ukweli wote. Karibu kila printa ya waifai inaweza kuprinti ukurasa wa hali ya mtandao. Kwenye nyingine kuna kitufe chake kabisa chenye alama ya karatasi, nyingine unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, nyingine ipo kwenye menyu, kitabu cha modeli yako kitakuambia. Itoe, uisome.

Utatafuta jina la waifai, kwamba ni lile la kwako na sio la jirani au la rauta ya zamani. Utatafuta nguvu ya mawimbi. Na utatafuta mstari wa IP, yaani anwani ya printa kwenye mtandao wako. Ukikuta namba inayofanana mwanzo na ya rauta, mfano rauta ni 192.168.1.1 na printa ni 192.168.1.37, umefika, kazi iliyobaki ni ya kompyuta. Ukikuta 169.254 na namba zingine mbele, maana yake rauta haikuipa printa anwani, printa ikajipa yenyewe, mara nyingi kurestati rauta afu printa kunatosha. Ukikuta 0.0.0.0 haijaunganishwa kabisa, rudi ulikotoka.

Hiyo karatasi ibandike ukutani nyuma ya printa. Utaishukuru.

Kwenye laptopu na simu

Windows 11: fungua Settings, ingia Bluetooth & devices, afu Printers & scanners, bonyeza Add device. Ikitokea kwenye orodha, bonyeza, imeisha. Isipotokea usikae unasubiri kiduara, subiri sekunde chache utaona maandishi ya Add manually yakijitokeza pembeni, bonyeza hapo, chagua ile ya kuongeza printa kwa IP, andika ile namba ya kwenye karatasi. Ikikuuliza aina ya kifaa chagua TCP/IP. Kama inakosa draiva, pakua kwenye tovuti ya kampuni kwa jina kamili la modeli, sio kwenye tovuti za draiva za bure, huko utaondoka na virusi na printa bado haijakubali.

Jambo moja kuhusu waya wa USB: kama unatumia programu ya kampuni kwenye kompyuta, usichomeke waya mpaka programu ikuambie. Ukichomeka mapema Windows inaiweka kama printa ya USB, na baadaye utakuwa na printa mbili zenye jina karibu sawa, moja ya waya ambayo haipo tena na moja ya waifai, na kila ukiprinti kazi zinaenda kwa ile isiyokuwepo. Ukikuta hivyo futa ile ya ziada.

Kwenye Mac unaingia System Settings, Printers & Scanners, unaongeza, mara nyingi inaiona yenyewe. iPhone na iPad hazihitaji kitu kama printa ina AirPrint (mfumo wa Apple wa kuprinti bila waya), unabonyeza shea afu printi. Android pia siku hizi inayo huduma yake ya kuprinti ndani, na isipoiona printa weka Mopria Print Service kutoka Play Store, ni ya bure na inaelewana na kampuni nyingi. Linux kwa printa hizi mpya mara nyingi inaziona bila draiva yoyote. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokwambia utumie Google Cloud Print, yaruke, hiyo ilifungwa mwisho wa 2020.

Offline: ugonjwa mkuu

Wiki mbili zinapita vizuri, siku una barua ya haraka unabonyeza printi inakuja Offline. Printa inawaka, taa ya waifai imetulia, simu inaprinti, laptopu imegoma. Wengi hapa wanafuta kila kitu wanaanza kuinstoli upya, inakubali, baada ya wiki mbili tena ni ileile.

Kinachotokea ni hiki. Anwani ya IP sio ya kudumu, rauta ndo inazigawa kwa kila kifaa kinachoingia, na inazigawa kwa muda. Umeme ukikatika ukarudi, vifaa vyote vinaomba upya na foleni inabadilika, printa iliyokuwa 37 inapewa 42 na ile 37 anapewa mgeni na simu yake. Laptopu yako haina habari, inaendelea kupiga hodi 37, ni kama mpangaji aliyehama chumba bila kuaga na wewe bado unapeleka mizigo kwenye mlango uleule. Kwa hapa kwetu umeme unavyokuja na kuondoka, hii ndo sababu ninayoikuta kuliko zote.

Kuhakikisha, toa karatasi ya mtandao tena ulinganishe IP na ile ya zamani ukutani. Au fungua Command Prompt kwenye laptopu andika ping, nafasi, afu namba ya printa, bonyeza Enter. Hapa soma kwa makini, maana kuna jibu linadanganya. Ukiona Reply from ikifuatiwa na namba ya printa na muda wa milisekunde, printa ipo. Ukiona Request timed out, haijajibu. Lakini ukiona Reply from afu mwisho wa mstari Destination host unreachable, usifurahi kwa kuona neno Reply, angalia namba inayojibu, ni namba ya laptopu yako mwenyewe inayokuambia nimetafuta sijaona mtu.

Dawa ya muda ni kuiweka kompyuta kwenye IP mpya. Dawa ya kudumu ni kuifungia printa namba yake kwenye rauta isibadilike tena. Ingia kwenye rauta, tafuta sehemu ya DHCP (ndo inayogawa hizo anwani), humo kuna kitu kinaitwa Address Reservation au Static DHCP au jina linalofanana, unachagua printa kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa (utaitambua kwa MAC, ile namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili iliyopo pia kwenye karatasi yako), unaipa namba, tuseme 192.168.1.200, unasevu, unarestati printa. Kuanzia hapo umeme ukatike mara ngapi, printa itarudi palepale. Afu kwenye laptopu iongeze kwa hiyo namba kwa njia ya TCP/IP niliyosema juu. Ukifanya kitu kimoja tu kwenye maelezo yote haya, fanya hiki.

Rauta zingine za laini hazina hiyo sehemu. Basi weka namba ya kudumu kwenye printa yenyewe: andika IP ya printa kwenye brauza, utaona ukurasa wake wa setingi, ingia kwenye mtandao, badilisha kutoka Auto kwenda Manual. Lakini chagua namba ambayo rauta haigawi. Kama rauta inagawa kuanzia 100 mpaka 199, wewe chukua 210, ukichukua 120 siku moja itapewa simu ya mtu na vitagongana. Palipoandikwa Gateway weka namba ya rauta.

Kama namba haijabadilika na ping inajibu lakini bado Windows inasema Offline, fungua foleni ya printa, kwenye menyu angalia kama Use Printer Offline imewekewa tiki, itoe. Ikigoma, ingia Printer properties, kichupo cha Ports, Configure Port, toa tiki kwenye SNMP Status Enabled. Hiyo ni njia Windows inavyoiuliza printa hali yake, na kuna printa haijibu swali hilo vizuri, kwaiyo Windows inaamua kwamba haipo wakati ipo. Ukiitoa itaacha kuuliza, itatuma kazi tu.

Umeme umerudi, nini kiwashwe kwanza

Rauta kwanza. Iache mpaka taa zake zitulie, dakika mbili hivi, ndo uwashe printa. Vikiwaka kwa pamoja kwenye eksitensheni moja, printa inaamka haraka kuliko rauta, inatafuta waifai haioni, na baadhi zinakata tamaa hazijaribu tena mpaka uzizime uziwashe.

Simu inaiona, laptopu haiioni

Hii nayo ina visababishi vyake. VPN ya kazini kwenye laptopu ni wa kwanza, inapeleka kila kitu kwenye mtandao wa ofisi na printa ya nyumbani inapotea, ikate ujaribu. Wa pili ni kwamba laptopu ipo kwenye waifai ya wageni, ile Guest, ambayo imetengenezwa makusudi wageni wasione vifaa vya ndani, printa ikiwemo. Ndugu yake wa ndani ya rauta ni setingi inayoitwa AP Isolation au Client Isolation, ikiwashwa vifaa haviwezi kuonana hata kama vyote vina intaneti safi, izime. Wa tatu, Windows imeuchukulia mtandao wako kama Public, kwenye setingi za waifai ubadilishe uwe Private, na kama una antivairasi yenye ukuta wake wa moto (firewall) iangalie nayo.

Afu kuna hii ya rauta mbili, nimeikuta nyumba nyingi zenye faiba. Kiboksi cha faiba kina waifai yake, haifiki chumba cha nyuma, basi mtu ananunua rauta nyingine anaichomeka. Sasa printa ipo kwenye kiboksi, ina 192.168.100.15, laptopu ipo kwenye rauta ya pili, ina 192.168.0.12. Zote zina intaneti, hivyo mtu anaapa kwamba zipo kwenye mtandao mmoja. Hazipo. Angalia lile fungu la tatu la namba, 100 na 0, hiyo ni mitandao miwili tofauti. Suluhisho ni kuiweka rauta ya pili kwenye hali ya Access Point, iwe inaongeza mawimbi tu bila kugawa anwani zake. Kama haina hiyo hali, ipe IP isiyogongana na kiboksi, zima DHCP yake, afu waya unaotoka kwenye kiboksi uuchomeke kwenye tundu la LAN badala ya lile la WAN.

Foleni imeganda

Faili moja limekwama, ukilifuta linaandika Deleting halifutiki, na yote ya nyuma yanasubiri. Fungua Command Prompt kama adimini, andika net stop spooler, Enter. Nenda kwenye folda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa vilivyomo ndani, folda yenyewe iache. Rudi andika net start spooler, Enter. Imeisha.

Kama kazi zinaenda kwa printa nyingine kila mara, kwenye Printers & scanners zima ile ya Let Windows manage my default printer, afu uchague mwenyewe.

Inaprinti kwa kusuasua, au ukurasa unakatika katikati? Angalia nguvu ya mawimbi kwenye ile karatasi. Printa iliyojificha nyuma ya friji, au kwenye kabati la chuma, au karibu na maikrowevu (nayo inatumia masafa ya 2.4) itakusumbua tu. Mita mbili za kuihamisha zinaweza kutosha.

Wasio na rauta

Kama nyumbani hakuna rauta na unatumia hotispoti ya simu, inawezekana. Kwenye setingi za hotispoti ya Android chagua masafa ya 2.4, kwenye iPhone washa Maximize Compatibility, afu unganisha printa na laptopu kwenye hotispoti hiyo. Kero yake ni kwamba mwenye simu akitoka, mtandao ameondoka nao. Bora utumie Wi-Fi Direct, ambapo laptopu inaingia moja kwa moja kwenye waifai ya printa yenyewe, pasiwedi yake ipo kwenye karatasi ya mtandao au kwenye menyu. Unaprinti, unatoka.

Na ukibadilisha kampuni ya intaneti ukaletewa rauta mpya, usianze kuseti kila kifaa. Ipe rauta mpya jina na pasiwedi zilezile za rauta ya zamani, herufi kubwa na ndogo kama zilivyokuwa. Printa, simu, TV, vyote vitaingia vyenyewe. Ila ile namba uliyoifungia printa utaifungia upya kwenye rauta mpya, na kama uliiweka kwenye printa yenyewe, angalia kama rauta mpya inatumia mwanzo uleule wa namba, la sivyo irudishe kwenye Auto kwanza.

Mwisho kuna apdeti za printa. Zinaziba matundu ya usalama, lakini HP wenyewe wanasema printa zao fulani zina ulinzi unaozuia katriji zenye chipu isiyo ya HP na kwamba apdeti zinaendeleza ulinzi huo, kwaiyo anayetumia katriji za kujazisha mtaani alijue hilo kabla ya kubonyeza Update. Na ukurasa wa setingi wa printa uwekee pasiwedi yako, kwenye nyingi ile ya kiwandani ni namba ya siri iliyo kwenye stika au ni serial namba ya mashine yenyewe, yeyote aliye kwenye waifai yako anaweza kuisoma akipita karibu.

Ukijaribu yote ikagoma, rudisha setingi za mtandao za printa tu, sio kila kitu, irestati, uanze na karatasi ya mtandao. Kama kazi ni ya leo leo, chomeka USB uprinti kwanza.